Hodi ya Beberu

Beberu alishuka melini huko Australia na ndevu zake na ukoo wake mzima, akatazama malisho, akatangaza: "Nchi hii haina mwenyewe."

Kangaruu alikuwa amesimama mbele yake. "Bwana, hata hodi hupigi?"

"Hodi hupigwa penye watu," Beberu akajibu, akiangalia pembeni.

Akauzungushia mto ua, na kila kangaruu aliyesogea kunywa alipigwa pembe. Wengi walikufa. Waliobaki wakahamia jangwani, wakachimba maji mchangani kama bibi zao walivyowafundisha.

Ukaja ukame. Mto ukakauka, ua ukabaki unalinda tope, kisha hata tope likawa vumbi. Beberu akajikokota jangwani, ulimi nje, hadi akasikia watu wanakunywa maji nyuma ya jabali.

"Hodi," akasema, kwa adabu ambayo hata yeye hakujua anayo. "Hodi wenyewe."

"Hapa hapana mtu," Kangaruu akajibu, akaendelea kunywa.

"Sasa anayenijibu ni nani?"

"Ni yule yule ambaye hukumwona siku uliyoshuka melini."