Kilimia cha Kipupwe

"Kile pale Kilimia, baba Abdala. Kimekaa juu ya mfenesi, kinang'aa!"

Mzee Kitwana akajua kwamba mkewe, Mwamini, anamdanganya. Roho ikamuuma.

Macho yake yalikufa tangu mwaka wa uhuru, lakini akili haikufa. Huu ulikuwa mwezi wa sita, mpunga ushavunwa, kipupwe kinapenya mifupani. Nani Kisarawe hajui kwamba nyota za Kilimia huaga na masika? Ukizitaka wakati huu, amka alfajiri. Jioni huzioni, hata uwe na macho manne! Tena mfenesi upi? Mfenesi wao waliuacha Kibuta, siku walipopakiwa kwenye lori kuletwa kijiji hiki cha ujamaa. Hapa Kilimia huchomoza juu ya ghala la kijiji. Mwamini mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo mwaka juzi.

Kila jioni Mwamini humsimulia mbingu ilivyo, naye huamua siku ya kupanda. Miaka yote hiyo hakumwongopea hata nyota moja. Kwa nini leo?

Jibu alikuwa nalo, na lilimchoma: Kibwana, jirani yao aliyefiwa na mke.

Tangu mfungo uliopita Mwamini harudi kisimani peke yake. Kitwana husikia nyayo za watu wawili zikija taratibu, zimekaribiana, mpaka uani. Hunong'ona kidogo, kisha Kibwana huenda zake. Na humu nyumbani akili ya Mwamini haipo kabisa. Mchuzi hutiwa chumvi mara mbili. Vyungu vinavunjika. Juzi Abdala, mtoto wao anayetengeneza baiskeli mtaa wa Kwa Mathias, aliingia kimya, mama yake akamuuliza, "Nani wewe?" Loo! Mwanawe wa kumzaa!

"Mama, umechoka," Abdala alisema. "Mimi nina chumba kimoja. Ukishindwa, baba nitamchukua, wewe uende kwa mama mkubwa."

"Sijashindwa na kitu mimi!" Mwamini alimkatiza.

Ehe, alikatiza haraka mno. Asingetaka kuhamishwa mbali na Kibwana wake.

Basi, yamekwisha. Kumlaghai kipofu nyota zake! Ataitwa mjumbe wa nyumba kumi awe shahidi, na talaka itoke leo leo. Kitwana alilia kidogo, maana alimpenda mno yule mwanamke, kisha akajifuta machozi kwa shuka.

Mwamini alikuwa jikoni akipakua uji. Kitwana akainuka kigodani, peku, akapapasa ukuta kuelekea mlango wa ua. Alipofika penye chemli iliyotundikwa ukutani, joto lake likamgusa shavu, na papo hapo akasikia mkewe anatoka. Akasimama. Mkewe amwone tu, amuulize yeye anakwenda wapi. Maneno makali alikuwa nayo tayari mdomoni.

Mwamini akampita karibu sana, hata akanusa moshi wa kuni kwenye kanga yake. Hakumsemesha. Akaenda moja kwa moja mpaka penye kigoda, akachutama.

"Shika, baba Abdala," akakiambia kigoda kitupu, kwa upole ule ule wa siku zote. "Uji unapoa. Mbona hushiki?"

Halafu Kitwana akasikia kiganja cha mkewe kikipapasa ubao, taratibu, kikimtafuta.