Stempu ya Saba

Fundi saa alikuwa anapigwa picha ya harusi yake, lakini macho hayakuwa kwa bibi harusi. Yalikuwa kwenye kabati la vioo lililokuwa nyuma yake, pale ilipolala albamu ya marehemu.

"Tazama huku, bwana harusi!" mpiga picha alimwita tena.

Marehemu alikuwa karani wa posta, mume wa kwanza wa huyo bibi harusi, na mwenzake fundi saa katika chama cha wakusanya stempu. Chama chenyewe, tuseme ukweli, kilikuwa genge la wazee wenye majivuno, wanaonuniana kwa sababu ya vipande vya karatasi. Seti iliyowatoa roho ilikuwa ile ya kumbukumbu, yenye michoro saba ya kihistoria. Stempu sita zilipatikana. Ya saba, Malkia Akivuka Mto, ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi.

Waliojulikana kuwa nayo walikuwa wawili tu: karani na fundi saa.

"Mimi ninayo," fundi saa alizoea kusema, akiwatazama wenzake kama anavyotazama saa za bandia. Hakuna aliyeomba kuiona. Kwao, kuomba kufunguliwa albamu ya mtu kabla hajakukaribisha ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kumtongozea mke.

Hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Uongo huo alistarehe nao mpaka mwenyekiti alipotangaza maonyesho: kila mtu alete seti yake mezani, watu waone, na mjane wa karani alete ya mumewe, kwa heshima yake. Hapo fundi saa akaanza kuhangaika. Kuomba auziwe ile ya karani hakuweza. Ataombaje kitu anachojisifu kuwa nacho? Na kuumbuka mbele ya vikaragosi wale, heri afe.

Basi akaanza kwenda kumpa mjane pole. Pole ikawa haiishi.

"Wewe umepata moyo lini?" dada yake alimuuliza. "Mkeo wa kwanza si alikukimbia kwa ubaridi wako?"

"Mambo ya mapenzi huyajui, dada."

Mapenzi! Kusema kweli alimwona mjane zuzu tu. Mwanamke gani anaishi na hazina kabatini, anaipangusa vumbi kama birika? Na tena mwepesi, maskini, maneno mawili matamu kashanasa.

"Marehemu alikuwa akikutaja kila siku," mjane alimwambia siku moja, akiinamisha macho. "Wewe na huyo Malkia wako."

Fundi saa akavimba kichwa.

"Albamu yake haitoki humu ndani mpaka siku ya maonyesho," mjane akaendelea. "Tukioana, uhamie wewe. Na yako uje nayo, zikae pamoja kama sisi."

Wanachama walicheka mpaka wakashika mbavu: mwanamume mzima kaolewa! Waache wacheke. Ataichomoa ya karani, ataiweka kwake, na siku ya maonyesho pengo litaonekana kwa marehemu. Maiti hajitetei. Mjane atalia kidogo, kisha atanyamaza.

Asubuhi baada ya harusi, mkewe alimletea chai, akamtazama kichwani.

"Nenda kwa kinyozi, mume wangu. Kesho ndiyo maonyesho, usinitie aibu."

"Sawa, mke wangu."

Akatoka, akafika kwenye kona, akasubiri kidogo, akarudi kwa mlango wa jikoni. Nyumba kimya. Zuzu atakuwa ameenda kwa jirani kujisifia bwana. Akanyata hadi sebuleni, akafungua kabati, akaanza kupekua kurasa.

Sita hizi hapa. Nafasi ya saba ilichorwa vizuri kwa penseli, jina la mchoro limeandikwa chini yake kwa mwandiko wa kikarani, na ndani yake hakukuwa na kitu. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na alama ya gundi, wala doa, wala mkwaruzo. Hapakuwahi kukaa stempu pale tangu albamu inunuliwe.

"Mwongo mkubwa!" alinong'ona, hasira zimempanda mpaka masikioni. Miaka yote hiyo anamwonea kijicho mtu asiye na kitu! Na yeye tayari kashaoa!

Ndipo akasikia ukurasa ukifunuliwa chumbani.

Akausukuma mlango. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni kando ya sanduku ambalo fundi saa alihamia nalo, kufuli limevunjwa, albamu ya fundi saa mapajani, ameshika kibano cha marehemu, anaukodolea macho ukurasa wa mwisho.

Hakushtuka hata kidogo. Alimtazama kuanzia juu hadi chini, akasonya.

"Kumbe hata wewe huna?" alisema. "Sasa mimi nimeolewa kwa ajili ya nini?"