Kinywani mwa Samaki

Riyama alipiga mbizi, akamnasa samaki chini ya tumbawe, kwenye maji ya mbele ya Bwejuu. Samaki mwenyewe alikuwa mwekundu, mdogo kama kidole gumba. Vitabu vyote vilisema samaki wa aina hii hawaishi katika bahari ya Unguja.

Aliwahi kumpiga picha, akaipeleka ofisini kwao, kwa watafiti wa bahari. Wenzake walicheka. Bila samaki mwenyewe ndani ya chupa, walisema, hizo ni hadithi tu. Sasa alikuwa naye wavuni.

Akawaza atampigia nani simu amwambie. Mamaake ameshazikwa, na nyumbani Kikwajuni hakuna wa kumfungulia mlango.

Ndipo samaki akafumbua kinywa. Ndani mlijaa mayai, na kila yai lilikuwa na vijicho viwili vyeusi. Alikuwa dume, amebeba wanawe kinywani, hali chochote mpaka waanguliwe. Kumbe hakupotea njia. Hapa palikuwa kwao, na jike aliyemtagia mayai hayo hakuwa mbali.

Riyama alimtazama kwa muda mrefu kuliko pumzi yake ilivyoweza. Kisha akaupindua wavu, na samaki akarudi kwenye tumbawe lake.

Alipoibuka akitweta, nahodha aliinama ukingoni mwa boti.

"Umempata, Bi Riyama?"

"Sijampata."

"Basi panda twende zetu, maji yanakupwa."

"Nnakuja. Ningoje kidogo tu," alisema, akavuta pumzi, akazama tena kwenda kumtazama.