Kona ya Kwanza

Rafiki wa mwanangu alisimama mlangoni peke yake, theluji mabegani, kitambaa cheusi kwenye mkono wa koti.

Kitambaa hakikunishtua. Kilinishtua mara moja tu, mwaka uliopita, Yefim aliporudi nacho kutoka shule ya uchoraji. Nilimuuliza amefiwa na nani, maana kwetu mfiwa hujifunga kitambaa cheusi mkononi. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hakuna aliyekufa, baba. Huu ni mraba. Ndiyo picha yetu sasa, kila mwanafunzi anauvaa."

Tangu hapo wenzake wote waliniletea makoti. Mimi ni fundi cherehani. Niliwashonea miraba yao hadi wao na Yefim walipoitwa vitani.

"Ingia, wewe," nilimwambia kijana. "Mwenzako yuko wapi? Bado anachora kwenye mabehewa ya jeshi?"

"Mzee," alianza.

"Na huu kakushonea nani, kipofu? Sindano imepita kama mlevi. Lete mkono nikurekebishie, kabla Yefim hajauona akakucheka."

Alininyooshea mkono. Nikausogeza dirishani. Mraba una kona nne, na fundi huanza kufumua konani. Nikapapasa kwa kidole gumba nikitafuta kona ya kwanza. Kitambaa kikaendelea, kikapita chini ya mkono, kikatokea upande wa pili, kikarudi pale nilipoanzia.

Nikauzungusha mkono wake tena, polepole, nikitafuta kona.