Waliokula Pilau Pamoja

Mlango wa ghala haukuhitaji kuvunjwa. Ulikuwa wazi, sakafu imefagiliwa na kunyunyiziwa maji, na viti vimepangwa mstari mmoja, vinawatosha wageni wote. Kimoja kilikuwa na mto.

"Hicho ni chako, Mheshimiwa," Sixbert, mwenye ghala, alimwambia Wakili Fulgence. "Mgongo hautaki mbao tupu."

Fulgence alimtazama kama mtu asiyemjua, akabaki amesimama.

Askari walipekua kila kona ya ghala lile la Lizaboni. Hawakuona gunia hata moja, wala mashine ya kushonea magunia waliyoifuata. Hii ndiyo kesi ya mbolea iliyochanganywa mchanga, ile iliyowaachia wakulima wa Mpitimbi mahindi ya manjano yasiyobeba. Redio ziliitaja kila asubuhi. Wakubwa wa Dodoma walipiga simu kuuliza imefikia wapi. Imefikia kwenye mto wa kukalia.

Walipokuwa wanatoka, Sixbert akamgeukia Wakili Pamela, mdogo kuliko wote.

"Na mtoto je, mama? Homa imeshuka?"

"Imeshuka, shikamoo," Pamela alijibu, kabla hajajiuliza mzee huyu amejuaje.

Fulgence alisikia.

Ofisini aliwakusanya mawakili wote wa serikali, akaagiza simu ziwekwe mezani.

"Kuna mtu humu anampelekea Sixbert, lile gunia la pumba, kila tunachopanga," alisema. "Upekuzi tuliupangia kwenye grupu letu tu. Hata askari nimewaambia tukiwa tayari garini."

Grupu lenyewe la WhatsApp liliitwa SIRI KESI YA MBOLEA, kwa herufi kubwa, ili anayeliona ajue kuna siri. Picha yake bado ilikuwa keki ya ghorofa tatu. Zamani lilikuwa grupu la michango ya harusi ya binti yake Fulgence, lililofunguliwa na mwenyekiti wa kamati, naye Fulgence hakuona sababu ya kufungua jingine. Magrupu, alisema, yamejaa simuni kama kunguni. Alibadilisha jina, akawatoa mashangazi, mpiga picha na mpishi, na ofisi ikawa imepata mahali pa siri.

Humo ndimo alimomwaga hoja zake za kisheria: kwamba Sixbert ni darasa la saba tu, kwamba kichwa chake ni cha kubebea ndoo, kwamba siku ya kizimbani atalia kama beberu. Humo pia ndimo alimoulalamikia mgongo wake. Wakili Polikarp alijibu kila mara kwa vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Pamela aliandika humo mara moja tu, kuomba ruhusa ya kuchelewa kwa sababu mwanawe ana homa. Hakuna aliyempa pole.

"Tufikiri kama wanasheria," Fulgence aliendelea. "Polikarp alikuwa mshereheshaji wa harusi ya mwanangu. Theodosia alishinda jikoni na mke wangu. Sisi wote tumekula pilau pamoja. Nani hakula?"

Macho yakamwendea Pamela. Alihamia kutoka Tunduru harusi ikiwa imeshapita.

"Na mtuhumiwa anamuulizia mtoto," Polikarp akadakia. "Mpaka homa anaijua. Mimi nakaa naye chumba kimoja na sikujua kama ana mtoto."

"Niliandika kwenye grupu, kaka."

"Humo tunasoma mambo ya kazi, dada."

"Basi hata ya kazi hamyasomi. Niliomba ruhusa humo."

Theodosia aliinama kuficha kicheko. Fulgence hakucheka.

"Bado uko kwenye majaribio, si ndiyo? Taarifa yako inakwenda Dodoma leo. Wakiamua kukufukuza, sawa. Wakiamua kukushtaki, kesi yako tutaiendesha sisi wenyewe."

Pamela alihisi maziwa yakimvuta kifuani. Saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita. Sheria aliisoma jioni, baada ya kazi, na mihula miwili ya mwisho alisoma akiwa na tumbo lililogusa dawati. Alikuwa ameshamwahidi mama yake, kule Mfaranyaki, kwamba akithibitishwa kazini watahama chumba kile kinachovuja.

"Chukua simu yangu, Kiongozi," alisema. "Pekua."

"Tumepekua vya kutosha leo."

"Ndiyo sheria ya jioni hiyo," Polikarp alisema. "Inafundishwa watu wanasinzia."

Fulgence aliinua simu yake juu, kila mtu aone haki inavyotendeka, akabonyeza. Simu ya Pamela ikatetemeka. Wakili Fulgence amekuondoa.

"Haya. Sasa tumebaki wenyewe," alisema Fulgence, akaketi taratibu, akishika kiuno. "Theodosia, andika taarifa ya huyu dada. Sixbert anakamatwa kesho asubuhi, nyumbani, kabla hajanywa chai. Na safari hii tunajua sisi tu."

Akaanza kuyaandika hayo hayo kwenye grupu, kwa kidole kimoja, neno kwa neno, wajumbe wayapate vizuri. Akatuma.

Simu zote mezani zikatetemeka. Ya Pamela ikatetemeka nazo.

Aliivuta karibu, akasoma.

Sixbert Pembejeo amekuongeza.

Chini yake ukaingia mstari mwingine: Sixbert Pembejeo amemwondoa Wakili Fulgence.

Kisha ujumbe: "Wajumbe, mwenyekiti nipo. Tuendelee na kikao."