Korongo wa Mti Hana Msimamo

Nungunungu, fundi mchongaji, alichonga korongo wa mti akamsimamisha juu ya kichuguu, azungushwe na upepo. Mdomo wa korongo ulielekea kila mara kule upepo utokako. Swala wakapata ujanja: walinzi wao walikaa upande wa mkia, kwa kuwa adui akitokea huko harufu yake haiwafikii.

Swala Dume, mkubwa wao aliyependa hotuba, alichukizwa.

"Jana kaskazini, leo kusini. Hii ni bendera tu. Mfungeni apate msimamo."

"Mkimfunga hatawaambia kitu, mzee," alisema Nungunungu.

Wakamfunga kwa kamba ya mkonge, wakamsifu kwa kutulia kwake.

Siku ya tatu upepo uligeuka, korongo asigeuke. Walinzi walikaa palepale nyuma ya mkia. Chui akaja kwa upande wa mdomo, akamchukua mwana wa Swala Dume.

"Fundi, sanamu yako imetudanganya," alilia baba mtu.

Nungunungu aliikata kamba. "Msimamo alikuwa nao, mzee. Mmoja tu: kusema upepo uliko."

Korongo akageuka taratibu, mkia wake ukaonyesha njia aliyopita Chui.