Bosko na Mgeni Mwenye Miiba

Enzi wanyama walipokuwa bado wakipigiana hodi, mbwa mmoja aitwaye Bosko alilinda lango la nyumba yake, na kila siku alijisifu kwamba hakuna mgeni aliyewahi kulivuka.

Homa ya mbwa ilipoingia kitongojini, Nungunungu alianza kupita nyumba hadi nyumba akiwachanja watoto wa mbwa kwa mwiba wenye dawa. Bosko alimnusa, akaona hamjui, akamfukuza.

“Kaka, yule alikuja kumchanja mwanao,” Paka alisema kutoka ukutani.

“Amchome mwanangu nami nimesimama hapa? Thubutu!”

Jioni alikuja Tomi, rafiki yake wa utotoni, akikohoa, macho yamejaa tongotongo.

“Huyo anaumwa, asiingie,” Paka alionya.

“Tomi si mgeni,” Bosko alijibu, akamkaribisha kwenye bakuli la maji la mwanawe.

Homa ilimshika mtoto, na hakumaliza wiki.

Nungunungu alipopita tena, Bosko alimfungulia lango kabla hajapiga hodi.

“Afadhali leo umenikaribisha. Mtoto yuko wapi nimchanje?”

Bosko alilitazama bakuli, maji yamejaa pomoni.

“Nilimlinda,” alisema. “Nilimlinda dhidi yako.”